Ndani ya Tyubu ya Dawa ya Meno: Ipi Hasa Ndiyo Dawa?

Lugha yetu ya Kiswahili iliipa bidhaa hii heshima mapema. Waingereza huiita kwa jina lenye maana ya rojo la kusugulia meno, basi. Sisi tangu zamani twaiita dawa. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikubaliana nasi, pale lilipoingiza dawa ya meno yenye floridi katika Orodha yake ya Dawa Muhimu, orodha ile ile yenye dawa za malaria na chanjo za watoto. Lakini msomaji ayatazame vizuri maneno hayo. Shirika halikusema dawa ya meno tu. Lilisema dawa ya meno yenye floridi. Ndani ya tyubu moja mna vitu kumi au zaidi, na kimoja tu ndicho kilichoifikisha katika orodha ile. Askari anayetoa shilingi zake katika duka la kambi, au katika vichochoro vya Kikuubo ambako bidhaa za Kampala nzima hupita, yampasa akijue kitu hicho kwa jina, maana si kila tyubu inacho.

Huenda mwingine akauliza kwa nini jambo la meno liandikwe katika ukurasa wa askari. Jibu limo katika historia ya vita. Mwaka 1914, majeshi ya Uingereza yalipokuwa yakipigana kando ya mto Aisne nchini Ufaransa, Jenerali Douglas Haig alishikwa na maumivu makali ya jino. Jeshi lake lilikuwa na mizinga, farasi na madaktari, lakini halikuwa na daktari wa meno hata mmoja katika uwanja huo wa vita, ikabidi aletwe mmoja kutoka Paris. Baada ya hapo madaktari wa meno walianza kupelekwa Ufaransa, na mwaka 1921 Uingereza ikaunda kikosi kamili cha tiba ya meno jeshini. Kama jenerali aliweza kulemewa na jino moja, je, kuruta aliye kwenye lindo la mbali atakuwaje? Tena tusidhani kwamba ni maumivu tu. Jipu la jino likiachwa, usaha wake waweza kushuka shingoni, shingo ikavimba hata ikaziba njia ya pumzi. Watu wamekufa kwa jino bovu, na wanaendelea kufa.

Sasa tutazame jino linavyooza, kwa sababu bila kufahamu hilo hatuwezi kufahamu kazi ya dawa. Juu ya meno hutanda utando mwembamba unaonata, tunaouita ukoga. Ndani ya ukoga wanaishi vijidudu kwa mamilioni. Sukari ikiingia kinywani, vijidudu hao huila na kutoa tindikali, na tindikali hiyo huyeyusha madini ya chokaa yaliyo katika ganda gumu la jino. Mate nayo hayakai bure. Huisafisha tindikali polepole na kurudisha baadhi ya madini mahali pake. Kila siku, basi, katika kinywa cha kila mmoja wetu kuna vuta nikuvute: madini yatoka, madini yarudi. Jino hutoboka pale yanayotoka yanapozidi yanayorudi kwa miezi mingi mfululizo.

Kwa sababu hiyo wingi wa sukari si neno kubwa kama idadi ya nyakati inapoingia kinywani. Mtu akila kabalagala na chai ya sukari kwa mara moja, meno yake yatashambuliwa kwa nusu saa hivi, kisha mate yatashika hatamu. Lakini mlinzi wa usiku anayeonja chai ya sukari, funda moja moja, kuanzia saa nne hadi alfajiri, ameyaweka meno yake chini ya mashambulizi yasiyokatika. Soda inayonyonywa taratibu katika gari la doria hufanya vivyo hivyo. Askari polisi wa barabarani, ambaye mara kwa mara hukosa chakula cha mchana akajishikiza kwa soda na biskuti, yumo katika hesabu hii.

Hapo ndipo floridi inapoingia. Ni chumvichumvi ya asili, inayopatikana katika miamba na maji. Ikiwapo kinywani, hata kwa kiasi kidogo mno, huyahimiza madini yarudi upesi katika jino, na ganda linalojijenga upya pamoja nayo huwa gumu zaidi mbele ya tindikali kuliko lile la mwanzo. Hailiui jino ganzi, wala hailing'arishi, wala haiondoi harufu. Kazi yake haionekani kwa macho, na pengine ndiyo sababu wafanyabiashara hupenda zaidi kuyatangaza mapovu na weupe.

Njia iliyowafikisha wataalamu kwenye floridi ilikuwa ya kuzunguka. Mwaka 1901 daktari wa meno kijana, Frederick McKay, alihamia mji wa Colorado Springs, Marekani, akakuta wenyeji wengi wana meno yenye madoa ya kahawia. Alistaajabu zaidi alipoona kwamba meno hayo mabaya kwa sura yalikuwa hayaozi kwa urahisi. Alilifuatilia jambo hilo kwa miaka 30. Mwaka 1931 mkemia H. V. Churchill, wa kampuni ya alumini ya Alcoa, aliyapima maji ya miji yenye madoa na kukuta floridi nyingi. Mwaka 1945 mji wa Grand Rapids, katika jimbo la Michigan, ukawa wa kwanza duniani kutia floridi kidogo, iliyopimwa, katika maji ya bomba, na baada ya miaka kumi na mmoja kuoza kwa meno ya watoto wa huko kulikuwa kumepungua kwa zaidi ya nusu. Katikati ya miaka ya 1950 ndipo dawa ya Crest ilipoingia madukani ikiwa na floridi iliyothibitishwa kwa majaribio. Kabla ya hapo, dawa za meno zilikuwa sabuni na chaki zenye harufu nzuri.

Kiasi chake ni kidogo kuliko wengi wanavyodhani. Dawa ya kawaida ya mtu mzima huwa na floridi sehemu 1,000 hadi 1,500 katika kila sehemu milioni. Tyubu ya gramu 100 yenye sehemu 1,450, mathalan, ina floridi ipatayo moja ya saba ya gramu moja. Vilivyobaki vyote ni vyombo vya kuifikisha, kuihifadhi na kuifanya ikubalike kinywani.

Tuanze na kile kilicho kingi, nacho ni unga wa kusugulia. Unga huu waweza kuwa moja ya tano hadi nusu ya uzito wa dawa yote. Katika dawa za bei nafuu aghalabu huwa ni chaki, yaani kalisi kabonati, jamaa ya chokaa. Katika nyingine ni silika, madini yaliyo jamaa ya mchanga lakini yamesagwa laini mno. Kazi yake ni kusaidia burashi kuondoa ukoga na madoa ya chai na tumbaku. Lakini chaki ina tabia moja inayopaswa kujulikana. Floridi ya sodiamu ikikutanishwa na chaki ndani ya tyubu, hushikana nayo zikafanya kitu kigumu kisichoyeyuka, na floridi ikabaki imefungwa isiweze kulifaa jino. Ni kama kumpeleka askari vitani na bunduki iliyokaza kutu. Kwa hiyo watengenezaji wenye kujua hutumia floridi ya namna nyingine, iitwayo sodiamu monofluorofosfeti, ambayo huvumiliana na chaki na kuachilia floridi yake kinywani. Msomaji akiona katika maandishi ya tyubu maneno Sodium Monofluorophosphate pamoja na Calcium Carbonate, ajue wawili hao wamewekwa pamoja kwa makusudi, na kwamba dawa hiyo ya bei ya chini haina sababu ya kudharauliwa. Dawa ya bei mara tatu, yenye floridi kiasi kile kile, hailindi jino mara tatu.

Povu ndilo linalowadanganya wengi. Latokana na sabuni iitwayo sodiamu lorili salfeti, inayotengenezwa kwa mafuta ya nazi au ya mawese, jamaa ya hayo yanayokamuliwa katika mashamba ya Kalangala. Husaidia kuitawanya dawa kinywani na kulegeza mafuta ya chakula, lakini povu jingi si kipimo cha usafi. Sabuni hiyo hiyo ndiyo inayofanya maji ya machungwa yawe machungu mtu akiyanywa mara tu baada ya kupiga mswaki, kwa kuwa huuvuruga ulimi usipate utamu kama kawaida. Wapo watu wachache ambao sabuni hii huwazidishia vidonda vya kinywa. Wao watafute dawa isiyokuwa nayo.

Gliserini na sobitoli huzuia dawa isikauke ndani ya tyubu. Hizo pia zina utamu kidogo, na sakarini huongeza utamu mwingine, wala vijidudu havipati humo chakula cha kutengenezea tindikali kama vinavyokipata katika sukari ya chai. Askari wa mizinga atafurahi kusikia kwamba ni gliserini hii hii ambayo, ikichanganywa na tindikali kali kiwandani, hutoa nitrogliserini, baruti aliyoitumia Alfred Nobel kutengeneza dainamaiti. Na dawa za meno yanayosisimka kwa maji baridi huwa mara nyingi na nitrati ya potasiamu, ambayo ndiyo iliyokuwa sehemu kubwa ya baruti nyeusi ya zamani. Hakuna hatari yoyote. Katika tyubu, nitrati hutuliza mishipa ya fahamu ya jino, na kazi yake huchukua majuma kadhaa kuonekana.

Ili maji na unga visitengane, hutiwa kitu cha kugandisha. Katika baadhi ya dawa kitu hicho ni karajinani, inayotolewa katika mwani wa baharini. Hapa Afrika Mashariki kilimo cha mwani kwa biashara kilishika mizizi Unguja mwaka 1989, katika vijiji vya pwani ya mashariki kama Paje na Jambiani, na wengi wa wakulima wake ni wanawake, ambao maji yakipwa huingia baharini na vigingi na kamba. Mwani wao hukaushwa na kuuzwa ng'ambo. Hivyo yawezekana kabisa kwamba kitu kilichoota katika maji ya Zanzibar kilisafiri dunia nzima, kikarudi Kampala ndani ya tyubu.

Mnanaa na mentoli hutoa ule ubaridi tunaouita usafi. Kwa kweli hakuna kilichopoa. Mentoli huidanganya tu mishipa ya kinywa ihisi baridi. Weupe wa dawa hutoka katika rangi ya titani, jamaa ya rangi za kupaka nyumba. Mafuta ya karafuu yana sifa ya kweli ya kufisha ganzi, na madaktari wa meno huyatumia, lakini kutuliza uchungu si kuponya tundu. Zipo siku hizi dawa nyingi zinazojivunia miti shamba. Baadhi zina floridi pia, baadhi hazina, na picha ya majani juu ya sanduku haisemi ni ipi.

Nilivyoona mimi, katika mabweni ya shule ya makadeti na katika kambi kadhaa baadaye, kosa la askari haliko sana katika kununua. Liko katika kusuuza. Tulifundishwa, na bado twafundishana, kupiga mswaki kwa bidii, kisha kuchota kikombe kizima cha maji, kugogomoa mara tatu nne na kutema mpaka ladha yote iondoke. Huko ni kuleta risasi kwa gari la mbali, kisha kuzimwaga mtoni. Floridi hufanya kazi kwa kubaki juu ya jino. Madaktari wa meno wanatushauri tuteme povu na mate, basi, tusisuuze kwa maji mengi. Kwa askari aliye uwandani shauri hili lina faida ya pili, kwani linaokoa maji ya chupa. Wenzetu waliotumikia Somalia tangu mwaka 2007 hawahitaji kufundishwa thamani ya kikombe kimoja cha maji.

Na kama nafasi ni ya mara moja tu kwa siku, mara hiyo iwe kabla ya kulala. Mtu akilala mate hupungua, na jino hubaki bila mlinzi wake. Mabaki ya floridi ndiyo yanayoshika zamu. Ratiba nzuri ni mara mbili kwa siku, kwa dakika mbili kila mara. Anayetoka zamu alfajiri na kulala asubuhi afanye hivyo asubuhi hiyo, kabla ya kujitupa kitandani.

Wazee wetu hawakuwa na tyubu, na hawakuwa wachafu. Mti wa mswaki, uotao katika nchi kavu kama Turkana na Karamoja, hutoa kijiti ambacho nyuzi zake husugua ukoga vizuri kabisa, na anayekitumia kwa uangalifu hufanya kazi ya burashi. Mkaa ni habari nyingine. Uganda ilipokumbwa na uhaba wa bidhaa muhimu katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati sabuni, sukari na chumvi vilikuwa vya foleni au vya magendo, watu wengi walitumia chumvi na mkaa uliopondwa, na hawakuwa na la kufanya. Ajabu ni kwamba mkaa huo sasa umerudi madukani ndani ya tyubu nyeusi za bei ghali, ukisifiwa kwamba hung'arisha meno. Husugua, ndiyo, pengine husugua kupita kiasi, ukalikwangua ganda ambalo halioti tena. Na kama hauna floridi, mnunuzi amelipia kile ambacho bibi yake alikipata jikoni bure.

Floridi nayo ina upande wake wa pili, kama McKay alivyouona. Ikizidi katika maji ya kunywa, watoto ambao meno yao ya ukubwani bado yanaumbika ndani ya taya huota meno yenye madoa meupe au ya kahawia, na ikizidi mno kwa miaka mingi huharibu hata mifupa. Bonde la Ufa lajulikana kwa jambo hili. Wenyeji wengi wa Arusha na vitongoji vya mlima Meru wana meno ya namna hiyo, na Serikali ya Tanzania ilianzisha kituo cha utafiti huko Ngurdoto, ambako floridi huondolewa katika maji kwa kuyachuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Hapa kwetu madoa hayo yamechunguzwa na wataalamu katika wilaya za Kasese na Kisoro. Shirika la Afya Duniani laelekeza kwamba floridi katika maji ya kunywa isizidi miligramu 1.5 kwa lita moja. Kuruta wa kutoka maeneo hayo asichekwe kwa sura ya meno yake wala asidhaniwe mvivu wa kupiga mswaki. Madoa hayo aliyapata kabla hajafikia umri wa kwenda shule, na hakuna dawa ya tyubu itakayoyatoa.

Yapo maneno mengine yanayopitishwa kutoka simu hadi simu, kwamba kile kipande cha rangi kilicho chini ya tyubu ni siri ya watengenezaji: kijani ni ya asili, nyeusi ni ya kemikali tupu. Si kweli. Kipande hicho ni alama ya mashine. Jicho la mtambo wa kiwandani hukisoma ili lijue wapi pa kukata na kuziba tyubu, na rangi yake hutegemea wino uliokuwapo. Yanayostahili kusomwa ni maandishi madogo ya nyuma. Humo tafuta neno Fluoride na tarakimu yenye herufi ppm. Iwe 1,000 au zaidi kwa mtu mzima. Tazama tarehe ya mwisho wa matumizi, na alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Uganda. Jina kubwa la mbele halitoshi, hasa katika nchi ambayo watu huita tyubu yoyote Colgate, hata ile isiyokuwa Colgate, na wenye kughushi wanalijua hilo.

Wenye familia katika kambi za Mbuya, Naguru, Nsambya na kwingineko wana jambo moja la kuongezea. Matangazo huonyesha burashi iliyofunikwa dawa kutoka ncha hadi ncha, iliyojikunja juu kama wimbi. Picha hiyo huuza tyubu nyingi. Mtoto wa chini ya miaka mitatu atosheka na dawa ya ukubwa wa punje ya mchele, tangu jino la kwanza linapoota; wa miaka mitatu hadi sita, punje ya njegere. Mkubwa asimame naye mpaka ajue kutema, kwa kuwa mtoto humeza, na anachomeza huenda kwenye meno ambayo bado hayajatoka. Tyubu ikishafungwa, iwekwe juu pamoja na dawa nyingine za nyumbani.